Ndege wa Majini wa Dar: Tabianchi au Ukuta wa Ufukweni?

Ndege wa majini wakipungua pwani ya Dar es Salaam, jibu la haraka siku hizi ni mabadiliko ya tabianchi. Jibu hilo lina uzito.

Chekeamwezi wenye mdomo uliopinda wanaochokora tope la Kunduchi huzaliwa Siberia, kaskazini kabisa, katika kiangazi kifupi cha huko. Kuanzia Agosti baridi inawasukuma kusini. Wanapitisha kwetu msimu wa kaskazi, na hadi Mei wengi wameshaondoka. Ndege wa bara nao wanafuata mvua: mabwawa ya msimu yakijaa, bata na korongo hutawanyika, ukame ukishika, hurundikana kwenye maji machache yaliyobaki.

Joto likibadilika, ramani hiyo inabadilika pia. Huko Ulaya kaskazini-magharibi, baridi imepungua makali na baadhi ya ndege wa tope hawasafiri tena mbali kama zamani. Kwa hiyo kupungua mahali pamoja huenda ni kuhama tu. Lakini pia huenda ni kifo. Mwaka 2016 watafiti walieleza habari za jamii moja ya ndege wa tope wanaozaliwa Taimyr, Urusi. Theluji ikiwahi kuyeyuka, vifaranga hukosa siku ambazo wadudu wa kula ni wengi zaidi na kukua wadogo, wenye midomo mifupi. Wakifika Mauritania, midomo hiyo haifikii kome waliojizika mchangani, na wengi hawamalizi mwaka wao wa kwanza.

Hata hivyo, sikubali kwamba kila kitu kinaamuliwa na hewa. Tazama ghuba ya Msasani siku za bamvua. Bahari ikipwa, ndege wanayafuata maji hatua kwa hatua, wanakula. Ikijaa, tope lote linafunikwa, na hapo wanachohitaji ni mahali pa kusimama kwa saa chache: kichanga kitupu, ncha ya mikoko. Wakikurupushwa kila mara, wanachoma mafuta waliyojiwekea kwa safari ya maelfu ya kilomita. Kifusi, mikoko iliyokatwa na taka zinazoteremka na mto Msimbazi havikuletwa na joto la dunia. Vimeletwa na sisi.

Wenye nyumba za ufukweni watajibu kwamba wanajenga kuta kwa sababu bahari inakula ardhi yao, na Kunduchi imeliwa kweli. Ni hoja ya haki, na hapa ndipo pande mbili zinapokutana vibaya: bahari inapanda kwa upande mmoja, ukuta umesimama upande wa pili, na ufukwe uliopo katikati hauna pa kurudi nyuma.

Theluji ya Taimyr hatuwezi kuizuia kutoka Dar. Vibali vya ujenzi wa ufukweni vinatolewa hapahapa, na naona kila kimoja kingepaswa kutanguliwa na ukaguzi wa mahali ndege wanaposimama maji yakijaa, ufanywe katika miezi ya kaskazi wanapokuwepo, si wakati wa kusi ambapo wengi wao hawapo.