Mjomba Alinigonga, Kisha Akanipigia Simu

Mimi ni fundi wa friji, mkazi wa Busia, upande wa Uganda. Naendesha pikipiki aina ya Boxer, nyekundu, nyuma nimefunga sanduku la vifaa. Sibebi abiria, lakini barabarani hilo hakuna anayeliuliza. Ukishakuwa juu ya magurudumu mawili wewe ni boda, na boda ni kama nzi: watu wanamsikia tu, hawamwoni.

Kinachochekesha ni kwamba Busia ndiko bodaboda zilikozaliwa. Miaka ya 1960 vijana wa hapa walikuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya, huku wakiita wateja: "Boda! Boda!" Jina likatoka hapa likaenda hadi kwa watu wasiojua Busia iko wapi. Ungedhani wenyeji wa mji kama huu wamezaliwa na jicho la kuona pikipiki. Thubutu! Hapa macho yote yako kwenye trela. Mtu akishakulia kando ya foleni ya malori ya Mombasa, jicho lake linazoea ukubwa, na kitu kisichofikisha magurudumu ishirini na mbili halikihesabu.

Mwezi mmoja tu, mlango wa taksi ulinifungukia usoni, kisha gari likarudi nyuma likanisukuma taratibu mpaka mtaroni kama mtu anayesogeza kiti. Wote wawili waliniambia neno lile lile, mkono juu: "Pole, sikukuona." Kwetu hilo neno ni bima kamili. Ukishalisema unapanda gari lako unaondoka.

Nikaamua nitaonekana, wapende wasipende. Nikaenda Sofia, mtaa wa hapa hapa Busia, nikanunua jaketi la reflekta kwa shilingi 25,000, njano ya kuumiza macho, ina mistari ya fedha kifuani na mgongoni. Nilipolivaa nyumbani mke wangu akaacha kukuna nazi, akanitazama.

"Baba Salma, umeanza kazi ya mobile money?"

Tatizo ni kwamba Uganda rangi ya njano ina wenyewe. Ukiivaa, ama wewe ni wakala wa pesa za simu, ama wewe ni mtu wa chama tawala. Asubuhi ya kwanza tu, kabla sijafika barabara kuu, mzee mmoja alinisimamisha akitaka kutoa elfu hamsini. Nilipomwambia mimi ni fundi wa friji alinitazama kwa huzuni, kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Lakini moyoni nilifurahi. Angalau nimeonekana!

Sasa nije kwa mjomba.

Mjomba wangu aliendesha trela miaka thelathini na moja, Mombasa hadi Kampala na nyuma, na hajawahi kugonga hata kuku. Hilo sikulichunguza, analisema yeye mwenyewe kabla ya kila mlo, mara tu baada ya bismillah. Amestaafu, ana kikumi cheupe, yaani Toyota Corolla ya zamani, kilichomzidi umri kifungua mimba wangu, na anakiendesha kama vile bado anavuta makontena mawili nyuma: akikata kona anachukua barabara nzima.

Siku hiyo alikuwa amelala kwangu, akaondoka alfajiri akasahau miwani. Saa nne akanipigia.

"Mpwa wangu, niletee miwani. Nina karatasi za kusoma hapa. Nakungoja njia ya msikiti."

Naomba ieleweke vizuri, maana baadaye kila mtu aliidaka hiyo miwani kama ushahidi: ni ya kusoma tu. Mbali mjomba anaona kama mwewe. Anaweza kukusomea namba ya gari lililo upande wa Kenya.

Nikaweka miwani katika mfuko wa kifuani, ndani ya jaketi. Nikavaa helmeti yangu nyeusi yenye kioo cha giza, nikawasha taa ya mbele mchana kweupe, nikatoka. Yaani nilikuwa naonekana kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kuku walinipisha. Mbuzi mmoja alisimama akanisindikiza kwa macho.

Nisichojua ni kwamba mjomba alichoka kungoja. Akawasha kikumi aje kunitafuta.

Nilipokaribia makutano ya njia ya msikiti nikaiona pua ya kikumi imesimama pale, kwa adabu kabisa. Nikamwona mjomba na kofia yake ya kiua. Akatazama kulia, huko ninakotoka. Macho yetu yakakutana, wallahi yakakutana. Nikatabasamu ndani ya helmeti, nikamnyooshea mkono wa kushoto kumsalimu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena. Akaridhika. Halafu akaingia barabarani, polepole, kama bibi harusi anayeingia ukumbini.

Nikafunga breki. Kigonga cha mbele cha kikumi kikalibusu gurudumu langu. Hata si kishindo, ni kama mtu kugonga mlango wa jirani. Pikipiki ikasimama. Mimi sikusimama.

Kando ya barabara kuna mama anayeuza mukene. Anao kwenye magunia matatu yaliyofunguliwa midomo, na wengine amewaanika juu ya turubai. Niliingia kwa kichwa gunia la katikati, nikaviringika, nikamalizia kwenye turubai. Asiyemjua mukene wa jua kali namweleza: ni kisamaki kama kijiti cha kiberiti, kikavu, chenye jicho moja kubwa kila upande, na kinapenda kuingia mahali. Waliingia kwenye kola. Waliingia mikononi mwa jaketi wakashuka hadi kwenye viwiko. Mmoja alipenya chini ya kioo cha helmeti akajilaza juu ya mdomo wangu kama masharubu. Goti liliwaka moto, lakini nilipokunja mguu ukakunjika, nikajua sijavunjika.

Juu yangu nikasikia mlango wa kikumi, kisha sauti ninayoijua tangu utoto.

"We boda! Huoni?"

Nilitaka kujibu, lakini ukifungua mdomo una mukene juu yake, anaingia. Nikabaki nakohoa. Watu wakaanza kujaa. Mjomba akaona mambo yanakuwa makubwa, na mwanamume mwenye busara penye mambo makubwa huita ndugu. Akatoa simu, akapiga.

Kifuani mwangu simu ikalia.

Nikachimba ndani ya jaketi, nikapita miwani, nikapita mukene wawili watatu, nikaipata. Kioo kimeandika "Mjomba Trela". Helmeti hainiruhusu kuiweka sikioni, nikabonyeza kipaza sauti.

"Mpwa wangu, uko wapi? Njoo upesi hapa njia ya msikiti. Kuna mjinga mmoja wa boda amekuja kujigonga kwenye gari langu!"

Maneno yalikuwa yanatoka mara mbili: kinywani mwake, na kutoka kwenye rundo la samaki. Umati ulinyamaza. Mjomba akaiondoa simu sikioni akaitazama, akairudisha.

"Halo? Mbona nasikia mwangwi?"

"Mjomba," nikasema, "nimeshafika."

Sijawahi kumwona mtu akigeuka taratibu vile. Nikavua helmeti, mukene wa masharubu akaanguka. Nikatoa miwani mfukoni, nzima, haina hata mkwaruzo, nikampa. Akaivaa. Akainama akanikagua kuanzia utosini kama anakagua stakabadhi za mzigo.

"Ya salaam! Kumbe ni wewe."

Aliyeona kila kitu tangu mwanzo ni mama wa mukene peke yake. Alikuwa ameshahesabu hasara yake kwa gorogoro, yale makopo ya kupimia.

"Gorogoro kumi na mbili," akasema. "Pole baba, umeumia? Gorogoro kumi na mbili."

Afande wa trafiki akatokea na sare yake nyeupe, akamwuliza mjomba kama alinitazama kabla ya kuingia barabarani. Akasema alinitazama. Mara ngapi? Mara mbili.

"Sasa mzee, uliona nini?"

Mjomba akafikiri sana. Si mtu wa uongo.

"Afande, niliona njano. Nikajua ni mwavuli wa mobile money."

"Mwavuli unakimbia?"

"Nilifikiri upepo."

Hata mimi nilicheka, na kucheka kulikuwa kunauma. Mambo yakaishia pale pale kifamilia. Mjomba akalipa gorogoro kumi na mbili, na kwa kuwa amelipa, akasisitiza tuondoke nazo. Tulikula mukene kwangu wiki tatu: wa karanga, wa nyanya, wa hivi hivi. Jaketi nimelifua mara nne. Paka wa mtaa wetu, hao sasa wananiona kutoka mbali.

Nilipokuwa nimelaza goti nyumbani nikaanza kusoma kwenye simu, maana jambo lilinikera: mtu wa miaka thelathini na moja barabarani anawezaje kunitazama usoni, tena akija kunitafuta mimi, asinione? Kumbe wataalamu wamelihangaikia muda mrefu. Jicho likihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine haliteremki kama maji. Linaruka, na katikati ya kuruka ubongo unafunga pazia, kisha unajijazia wenyewe ulichokosa. Trela halitoshi kwenye pengo hilo. Pikipiki inayokuja moja kwa moja, nyembamba kama msumari, inatosha na nafasi inabaki. Hata ikionekana, kwa udogo wake mtu anadhani bado iko mbali. Na nikasoma utafiti wa New Zealand wa mwaka 2004: wanaovaa reflekta, hatari yao ya kuumia ilikuwa pungufu kwa asilimia 37. Nikafurahi. Mstari unaofuata, wenye helmeti nyeupe nao hatari yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Nikaigeukia yangu pale ukutani. Nyeusi tii.

Mjomba alipokuja kunijulia hali nikamsimulia lile jaribio la mwaka 1999, la Simons na Chabris wa Harvard. Watu walionyeshwa video ya wachezaji wanaorushiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi za wenye fulana nyeupe. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa kama gorila, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya waliotazama hawakumwona. Wewe mjomba, nikamwambia, ulikuwa unahesabu matrela.

Mjomba aliweka kikombe chini.

"Hao ni watu gani? Huku wazungu wanalipa mamia ya dola na kupanda milima ya msitu wa Bwindi kumtafuta gorila. Hao wameletewa bure, na hawakumwona?"

Akatikisa kichwa, akanywa chai, na nikaona uso wake umelegea. Kupata wenzake Marekani kulimtuliza kuliko pole zote nilizompa.

Bado anaendesha kikumi. Lakini ameweka utaratibu wake. Juzi saa mbili asubuhi nilikuwa nimejifunga taulo naelekea bafuni, simu ikalia.

"Mpwa wangu, uko wapi?"

"Niko nyumbani, mjomba."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Naenda kuoga."

"Haya, usitoke kwanza," akasema, na nikasikia gia ikiingia. "Niko hapa makutano. Nataka kupita."