Mabaharia wa meli za biashara walingojeshwa mno

Makala niliyoisoma kuhusu mabaharia imeeleza vizuri kwa nini Marekani huadhimisha Siku ya Taifa ya Bahari kila tarehe 22 Mei: ndiyo siku ambayo meli Savannah, yenye injini ya mvuke pamoja na matanga, iling'oa nanga mwaka 1819 kwenda Liverpool. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vimepitiwa kwa sentensi moja tu, na hapo ndipo penye uzito.

Mabaharia wa meli za biashara za Marekani katika vita hivyo hawakuwa askari. Walipakia mafuta, risasi, chakula na vifaru, wakavuka Atlantiki huku nyambizi za Wajerumani zikiwavizia. Wengine walielekea Murmansk, bandari ya kaskazini kabisa mwa Urusi, kwenye maji ya baridi kali ambayo mtu akitumbukia hadumu. Meli ya mafuta ikipigwa kombora, hata bahari inayoizunguka huwaka. Walikufa kwa maelfu. Vita vilipokwisha, askari walipata msaada wa masomo na mikopo ya nyumba kwa sheria ya 1944. Baharia wa meli ya biashara hakupata. Hadhi ya mpiganaji mstaafu aliipata 1988, tena baada ya kesi mahakamani, na sheria ya kuwapa nishani ya dhahabu ya Bunge ikaja 2020. Wengi walikuwa wameshazikwa. Hilo linaniuma sana.

Na wa leo je? Wakati wa korona mabaharia wa mataifa mengi walikwama melini kupita muda wa mikataba yao, wakikatazwa kushuka bandarini, huku shehena walizozileta zikishushwa.