Sikulisaini daftari lile la fildi

Jumanne ya wiki iliyopita, saa tano asubuhi, foleni ya dirisha la dawa hapa hospitalini kwetu ikiwa imeshafika kwenye benchi la wajawazito, alikuja mzee mmoja mstaarabu, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitika, akaniomba nitoke pembeni kidogo. Akafungua bahasha ya kaki, akatoa daftari jipya kabisa. La binti yake, anasomea cheti cha famasia kwenye chuo kimoja cha binafsi huku huku Kanda ya Ziwa. Wiki sita za fildi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, kila siku na mstari wake: tarehe, kazi iliyofanyika, sahihi ya msimamizi. Mistari yote ilikuwa imeshajazwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko usiochoka hata siku moja. Palipobaki wazi ni penye sahihi na muhuri.

"Mwanangu, nisaidie tu hapo. Mtoto aliumwa, na chuo wanataka daftari Ijumaa."

Binti mwenyewe sijawahi kumtia machoni.

Nilikataa. Mzee hakugomba. Alilikunja daftari polepole, akasema ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ya mwaka huu, akaondoka. Nimekaa na jambo hili moyoni wiki nzima, kwa sababu alivyoniomba ilionekana wazi kwamba kwake fildi ni karatasi ya kukamilisha, kama picha ya pasipoti au nakala ya cheti cha kuzaliwa. Na hakulitunga hilo mwenyewe. Kuna mahali amefundishwa hivyo.

Sasa hivi vijana waliopata D zao nne, Kemia na Baiolojia zikiwemo, wanazungukwa na matangazo ya vyuo kila kona. Njoo usome famasia, ajira nje nje. Mwaka wa kwanza ngazi ya 4, wa pili ya 5, wa tatu ya 6 unatoka na stashahada. Ni kozi nzuri. Mimi mwenyewe nimepita humo, na mkate ninaokula unatoka humo. Ndiyo maana inaniuma kuona inafundishwa kwa noti za fotokopi, halafu sehemu inayomfanya mtu awe fundi dawa inatafutiwa muhuri pembeni.

Nieleze kwa nini nasema ndiyo sehemu yenyewe.

Darasani tunasoma kwa Kiingereza. Noti, mtihani, mpaka maswali ya mdomo. Mwanafunzi anatoka chuoni anajua kabisa kwamba TDS ni mara tatu kwa siku, kila baada ya saa 8, na anaweza kukueleza kwa nini antibayotiki isipopishanishwa sawasawa inashuka kwenye damu na vimelea vinapata nafasi ya kupumua. Kisha anasimama dirishani. Mbele yake yupo bibi wa miaka 70 mwenye kanga mbili na bahasha mkononi, na yale yote aliyosoma inabidi yapite kwenye maneno matatu: kutwa mara tatu.

Hebu lisikilize neno kutwa kama bibi anavyolisikia. Shule ya kutwa ni ile ambayo mtoto hurudi kulala nyumbani. Kutwa ni jua linapochomoza mpaka linapozama. Kwa hiyo bibi anameza kimoja asubuhi na chai, kimoja mchana na ugali, kimoja alasiri kabla jua halijazama, na usiku kucha mwili wake unakaa bila dawa zaidi ya saa 12. Amefuata maelekezo neno kwa neno. Akirudi wiki ijayo na kidonda kile kile, tunamwandikia dawa kali zaidi, halafu tunakaa kwenye semina kujadili usugu wa vimelea.

Hakuna noti ya chuo iliyonifundisha hilo la kutwa. Nilifundishwa dirishani.

Na kosa langu mwenyewe ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa fildi, mwaka wa kwanza, hospitali nyingine. Alikuja mama na mtoto wa kilo 17, malaria imethibitishwa, ameandikiwa dawa ya mseto. Uzito huo ni vidonge 2 kwa kila dozi, dozi 6, jumla vidonge 12. Hayo nilikuwa nayajua hata usingizini. Nilijua pia kwamba dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na kwamba inywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Mtoto alinyweshwa dozi ya kwanza pale pale, saa nne asubuhi. Nikamwambia mama, "Nyingine utampa baada ya saa nane." Akaitikia vizuri. Kesho yake alirudi kwa sababu mtoto alikuwa bado na homa, akatueleza kwa fahari kabisa kwamba alitegesha alamu ya simu, akaamka saa nane usiku, akampa. Saa nane! Saa kumi na sita zilikuwa zimepita. Mama yule aliuvunja usingizi wake kutii neno langu, na neno langu ndilo lililokuwa na kasoro.

Aliyekuwa akinisimamia, mama mtu mzima aliyekuwa amekaa kwenye dirisha lile miaka mingi, hakunifokea mbele ya mgonjwa. Alinisubiri mpaka foleni ilipopungua. Akasema, "Usimhesabie masaa. Mwonyeshe wakati." Tangu hapo nasema hivi: ya kwanza anywe sasa hivi nikiwa naona, ya pili mpe leo leo jua likizama, kuanzia kesho mpe akiamka na anapokwenda kulala. Halafu namwomba mama arudie kwa maneno yake. Asiporudia sawasawa, sijamaliza kazi.

Mama huyo huyo ndiye aliyewahi kuuweka mkono wake juu ya sinia yangu ya kuhesabia vidonge. Cheti cha daktari kilisema kabamazepini, ya kifafa. Mimi nilikuwa nimeshusha kopo la kabimazoli, ya goita. Makopo yalikaa jirani kwenye rafu kwa sababu mtu aliyapanga kwa alfabeti. Hakusema kitu, aliushikilia mkono pale mpaka nikasoma lebo kwa sauti. Damu ilinienda mbio mpaka masikioni. Toka siku ile lebo naisoma mara tatu, ninapolishusha kopo, ninapohesabu na ninapolirudisha, hata kama foleni imefika getini. Mwambie mtu aliyejaziwa daftari nyumbani kwamba lebo husomwa mara tatu. Ataiandika kwenye mtihani na atapata maksi. Lakini mkono wake hautakuwa umewahi kuzuiwa na mtu.

Yapo mengine mengi ya namna hii. Chupa ya amoksilini ya unga: gonga kwanza unga uachane na chupa, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, ndipo uongeze mpaka kwenye alama. Ukijaza mpaka alama kwa mara moja halafu ukatikisa, maji yanashuka, na mama akiona hivyo anaweza kudhani amekosea akaanza upya na chupa nyingine. Kuna ya miligramu 125 kwa mililita 5 na ya 250, na chupa ni kama mapacha. Kijiko cha nyumbani kwako si kijiko cha nyumbani kwangu. Kidonge cha zinki mtoto apewe siku 10 hata kama kuhara kumekata siku ya pili. Vidonge vya kuweka ukeni vimemezwa mara ngapi kwa sababu kijana wa dirishani aliona aibu kutamka neno? Aibu hiyo haiondoki darasani. Inaondoka siku unapojifunza kumsogeza dada pembeni, ukashusha sauti, ukasema jambo kwa jina lake huku ukimtazama usoni.

Na huku kwetu kuna lugha nyingine tena. Wazee wengi wanaokuja ni Wasukuma ambao Kiswahili kwao ni cha kuazima. Mwanafunzi wa wiki sita za kweli anajifunza nani wa kumwita asaidie kutafsiri, na anajifunza kuchora jua na mwezi kwenye bahasha ya dawa.

Najua nitakachojibiwa. Fildi ina gharama: nauli, chumba, chakula, na mahali pengine mwanafunzi analipia hata kupokelewa. Ni kweli. Mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe wawili hana wa tatu. Hilo nalikubali, ingawa nalikubali nikiwa na uchungu, kwa sababu gharama hiyo ilipaswa kutajwa siku ya kwanza pamoja na ada, isimvamie mzazi katikati ya mwaka. Chuo kinachochukua wanafunzi wengi kuliko nafasi za fildi kinazozifahamu kinajua kabisa kwamba wengine watajaziwa.

Na sisi wa dirishani tuna sehemu yetu, wala sitaificha. Wanafunzi wakija kumi na tano kwa mkupuo, makoti meupe yamejaa hadi mlangoni, tunawapa ufagio. Tunawatuma stoo wahesabu maboksi mpaka saa sita, tunawasainia, wanakwenda. Hata stoo ina mafunzo yake kama mtu akieleza kwa nini inayotangulia kuisha muda ndiyo itangulie kutoka, na kwa nini insulini inakaa kati ya nyuzi 2 na 8 na ikiganda ni ya kutupa. Lakini nani ana muda wa kueleza? Mimi mwenyewe zipo siku sikueleza. Kuna wanafunzi waliopita mikononi mwangu na sahihi yangu wanayo, na sina hakika niliwapa kitu. Hilo nalibeba.

Mshahara wa duka la dawa la mtaani ni mdogo, sibishi. Wanaotundika cheti ukutani wakati mwenye cheti yuko mkoa mwingine, nitawaandikia siku yao. Na wale wanaosema hii ni kozi ya kuuza Panadol, nawaomba wakae benchi la mbele pale kwetu Jumatatu moja tu.

Nchi hii inalijua vizuri suala hili la nani asimame dirishani. Tulikuwa na maduka ya dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari, yakiuza hata zisizo baridi, na muuzaji hana mafunzo. Ndipo mwaka 2003 majaribio ya Duka la Dawa Muhimu yakaanza Ruvuma, na moja ya nguzo zake ilikuwa kumfundisha mtoa dawa. Baadaye tukapata Sheria ya Famasi ya 2011. Kazi yote ile ilifanywa ili anayekukabidhi dawa awe amefundishwa. Leo tukiruhusu mafunzo yenyewe yawe mwandiko wa kalamu moja kwenye daftari, tunarudi pale pale tulipotoka, tofauti ni koti jeupe tu.

Kwa mzazi anayetafuta chuo mwezi huu: hakikisha kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, hilo kila mtu atakwambia. Mimi nakuongezea maswali ambayo hayamo kwenye kipeperushi. Wanafunzi wa mwaka jana walikwenda fildi hospitali zipi, wangapi kila mahali, na mwalimu aliwatembelea mara ngapi? Omba uonyeshwe maabara, ufungue kabati, uone kama mizani imewahi kuguswa. Wakikujibu kwa kukuonyesha jengo, toka.

Mzee yule nilimkimbilia hadi getini siku ile. Nikamwambia, "Baba, muhuri siwezi. Lakini mlete mtoto. Jumatatu, saa moja na nusu, na koti lake. Nitakaa naye mwenyewe." Chuo kitasema nini kuhusu tarehe, sijui watamalizana vipi.

Jumatatu saa moja na dakika ishirini alikuwa amekaa kwenye benchi, peke yake, mwembamba, bado ana kikohozi. Kumbe kweli aliumwa. Nilimpa bahasha tupu iliyoandikwa 1 x 3 nikamwambia anieleze kama vile mimi ni bibi yake. Akasema, "Kutwa mara tatu." Nikamuuliza bibi yake ameamka saa ngapi leo. Akafikiri. Akasema saa kumi na moja alfajiri, na hulala baada ya taarifa ya habari. Akaitazama tena ile bahasha, akaomba kalamu.

Leo ni siku yake ya tatu. Daftari amelianza upya, na nimesaini mistari miwili. Wa leo bado, zamu haijaisha.