Ukitaka nathari nzuri, hesabu mizani kwanza

Anayetaka kuwa mwandishi bora hupewa ushauri uleule kila anapogeuka: soma sana, andika kila siku, usikate tamaa. Sina ugomvi nao. Ila haumsaidii mtu aliyekaa mbele ya sentensi mbovu, anajua kuwa ni mbovu, na hajui aishike wapi. Ushauri wangu ni mwingine, na wengi wakiusikia huguna: tunga mashairi ya arudhi, yale yanayofuata kanuni za vina na mizani. Si lazima uwe mshairi, wala si lazima mtu ayaone. Tunga tarbia, yaani ubeti wa mishororo 4, kila mshororo mizani (silabi) 16, 8 kwa 8, vina katikati na mwishoni. Fanya hivyo kwa miezi kadhaa, halafu rudi kwenye nathari yako: makala zako, hadithi zako, hata barua zako za kuomba kazi.

Nasema hivyo kwa sababu Kiswahili tunachokiandika siku hizi kimenenepa. Chukua sentensi hii, ambayo umeshaisoma mahali: "Wananchi wa eneo hilo wanakabiliwa na changamoto ya ukosefu wa maji safi na salama." Kisarufi haina kasoro. Lakini mtafute mtu ndani yake. Hao wananchi hawana sura, ndoo haionekani, na hakuna aliyeamka alfajiri kwenda kupanga foleni. Sentensi ya namna hii hujiandika yenyewe. Mwandishi kaazimisha mikono tu.

Sasa ilazimishe iingie kwenye kipande cha mizani 8. Kwanza utaandika "bomba lipo lakini maji hakuna". Hesabu: bo-mba-li-po-la-ki-ni-ma-ji-ha-ku-na. Mizani 12. Lazima 4 ziondoke, na wa kwanza kuaga ni "lakini", maana bomba na maji vikikaa jirani vinagombana vyenyewe bila kuhitaji msuluhishi. Inabaki "bomba lipo maji hakuna", mizani 9. Bado moja. Hapo ndipo utakapokuna kichwa, na ukikikuna vya kutosha utaandika "bomba lipo maji sina". Nane kamili. Tazama kilichotokea: kuondoka kwa "hakuna" na kuingia kwa "sina" kumeleta mtu. Hukupanga kumleta, hesabu ndiyo iliyomtafuta. Ukimaliza mshororo kwa "ndoo kavu na mapipa", umeshapata nyumba nzima.

Vina navyo vina kazi yao. Mshororo wa pili unataka "-na" katikati na "-pa" mwishoni. Unaanza kuita maneno: chupa, kuapa, kuogopa, kukopa, kulipa. Ukifika kwenye hayo mawili ya mwisho unasimama, maana maji ya kununua yana deni ndani yake, na deni hukuwa umelifikiria. "Na dumu lile la jana, hadi leo sijalipa." Ilibidi iwe "hadi", kwa sababu "mpaka" ina mizani 3 na ingevunja kipande. Wanaodhani vina ni mapambo hawajawahi kukaa usiku wakitafuta kimoja. Kina kinakutoa kwenye wazo la kwanza, ambalo mara nyingi ni la kila mtu, kinakusukuma kwenye la tatu au la nne.

Ukishazoea kuhesabu, ukirudi kwenye nathari hutahesabu tena, lakini sikio linabaki macho. Unasikia sentensi inapobeba mzigo usio wake: "suala la", "zoezi la", "katika kuhakikisha kwamba". Kiongozi "alifanya ziara ya kutembelea" shule. Alikwenda shuleni, basi. Unaanza pia kuuona utajiri wa vitenzi vyetu: "walipigiana" ni neno moja lenye wakati, watendaji, na kutendeana, na halihitaji "wao kwa wao" kulisindikiza.

Kuna wasemao arudhi ni minyororo. Ubishi huo ni wa siku nyingi. Miaka ya 1970 wanamapokeo, watetezi wa arudhi, na wanamabadiliko walipambana hasa, mwandishi Euphrase Kezilahabi akiwa upande wa mashairi huru, yasiyofungwa na vina na mizani. Mimi kwenye ushairi wenyewe sina upande, nasoma yote. Ninachozungumzia hapa ni mazoezi. Mchezaji mpira hukimbia kuuzunguka uwanja ingawa kwenye mechi hakuna anayemhesabia mizunguko.

Wengine wana kisingizio cha kwao: mimi si mtu wa pwani, hayo ni ya Mombasa na Lamu. Ni kweli kwamba mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alizitoa tarbia zake katikati ya siasa na mitaa ya Mombasa. Lakini mshairi Mathias Mnyampala (1917–1969) alikuwa Mgogo wa Dodoma, mbali na bahari, na ni yeye aliyezipa ngonjera, mashairi ya majibizano, jina. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 Tanganyika, lilichapa mashairi ya wasomaji wake. Naye Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, alikuwa mtumishi wa serikali, akaandika mashairi na insha sambamba. Soma insha zake kwa sauti uone pumzi inavyokatika mahali pake. Siwezi kuamini kwamba mkono ulioandika beti zote zile haukuwa na lolote la kuufundisha mkono wa insha.

Dawa hii ina madhara, nisiyafiche. Wiki za mwanzo utaanza kuandika nathari yenye vina, jambo linalochosha kupita maelezo, vikijitokeza vivunje. Utashawishika pia kuokota maneno ya zamani ili uonekane umebobea, uandike "mtima" pale ambapo moyo ungetosha. Na ufupisho wa kishairi, kama "sendi" badala ya "siendi", ubaki huko huko kwenye beti. Kinachohama ni sikio, si mavazi.

Na kuna mambo ambayo arudhi haifundishi kabisa. Haitakuonyesha namna ya kubeba hadithi ya kurasa 200 bila kumpoteza msomaji. Kwa hilo soma riwaya ndefu na kalamu mkononi, uandike pembeni kila mahali ulipochoka na kwa nini. Haitakufundisha kuuliza maswali. Bei ya dumu la maji mtaani kwako, nani anayaleta kwa mkokoteni na nani anayabeba kichwani, muuzaji anayachota wapi na saa ngapi: hayo hayapatikani kwa kukaa mezani na kuhesabu silabi. Inabidi utoke, umsalimie mtu, umsikilize mpaka amalize, hata kama ana maneno mengi na wewe una haraka.