Rota ya marezidenti: visanduku vimejaa, sasa nani yuko wodini?

Kila mtu aliyewahi kupanga rota ya marezidenti, yaani ratiba ya nani yuko zamu wapi na lini, analijua hili faili la Excel hata kama hajawahi kuliona kwa macho. Lilianza kuitwa rota, likawa rota mpya, likawa rota mpya ya mwisho, afu kuna jingine linaitwa ya mwisho kabisa tumieni hii, na hilo ndo lenye makosa. Majina yako kushoto, wiki ziko juu, visanduku vina rangi, bluu ni wodi, nyekundu ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), njano kliniki, kijivu usiku. Kwa mbali unasema aliyepanga kazi anaijua. Sogea sasa karibu, tafuta Alhamisi usiku ya wiki ya tatu, utakuta kisanduku kina majina mawili na alama ya kuuliza, na kiukweli hiyo alama ya kuuliza ndo mada yangu yote leo.

Kwa asiyejua, rezidenti ni daktari ambaye shahada ya kwanza ya udaktari kashamaliza na sasa anasomea ubingwa, miaka mitatu, minne, kuna fani zinafika hadi saba, na anasoma kwa kufanya kazi, kwa hiyo anazungushwa, wiki hizi wodi, wiki zile ICU, baadaye kliniki, dharura, chumba cha upasuaji. Ndo rotesheni hiyo. Mwaka una wiki 52 na programu nyingi zinaugawa bloku 13 za wiki nne nne, nyingine zinaona rahisi kwenda na miezi 12 tu. Jina rezidenti lenyewe maana yake mkaazi, na halikuwa utani, enzi za daktari wa upasuaji William Halsted pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 hao vijana walikuwa wanaishi hospitalini kwelikweli. Rota ya nini? Ukiuliza nani yuko zamu jibu ni wote, kila siku.

Mambo yakabadilika taratibu. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki New York akiwa chini ya uangalizi wa madaktari walioko mafunzoni, baba yake alikuwa mwandishi wa habari na hakukubali yaishe kimyakimya, na ikafika 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki. Mwaka 2003 ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo haya Marekani, kikakipeleka kikomo hicho nchi nzima. Ulaya wao wakaenda mbali zaidi, saa 48 kwa wiki kwa wastani, na madaktari walioko mafunzoni wakaingizwa humo kikamilifu 2009. Tangu hapo mjadala wa rota umekuwa mjadala wa saa, saa ngapi, zimezidi, hazijazidi, na mimi naona hapo ndo tulipopotea kidogo, kwa sababu rota inaweza kuwa halali kwa saa zote na bado isimwambie mtu chochote cha maana.

Fanya hesabu mwenyewe. Kikomo cha saa 80 Marekani ni cha wastani wa wiki nne. Sasa mtu afanye saa 100 wiki ya kwanza, 100 ya pili, 70 ya tatu, 50 ya nne. Jumla 320, gawa kwa nne, 80 kamili, hakuna aliyevunja sheria. Ila muulize huyo mtu wiki ya pili siku ya Ijumaa jina la mgonjwa wa kitanda namba sita uone.

Tuje kwenye ubishi wenyewe. Kuna kambi inayosema rota itoke mapema, ya mwaka mzima, na ikishatoka igande, isiguswe. Hoja zao nzito. Mtu ana mtihani, ana harusi, ana mtoto mdogo, ana mwenza ambaye naye ana kazi, hawezi kuishi maisha ya kuambiwa Jumapili jioni kwamba kesho uko usiku. England wameliandika kabisa kwenye utaratibu wao, daktari apewe maelezo ya jumla ya ratiba wiki 8 kabla hajaanza na zamu zenyewe wiki 6 kabla. Rota iliyogandishwa inaonekana na kila mtu pia, kwa hiyo upendeleo unakosa pa kujificha, ukiona fulani sikukuu zote yuko nyumbani unahesabu visanduku na unauliza.

Kambi ya pili inasema hiyo ni ndoto ya mtu wa ofisini. Watu wanaumwa, wanajifungua, wanafiwa. Msimu fulani wodi ya watoto inafurika na wiki mbili baadaye imepoa. Kuna rezidenti kamaliza bloku ya upasuaji na ukweli ni kwamba bado mkono wake haujatulia, anahitaji wiki mbili zaidi, na rota iliyoganda inamsukuma mbele na pengo lake kana kwamba kisanduku kikipita ujuzi nao umepatikana. Hawa wanataka rota laini, inayopangwa bloku kwa bloku, mkuu wa marezidenti akiangalia hali halisi.

Mimi nimewahi kukaa upande wa kupanga, na niseme tu kilichonibadilisha mawazo. Rota iliyogandishwa haibaki imeganda, inayeyushwa kwa simu. Saa kumi na moja jioni mtu anapiga kusema ana homa kali, na kwa sababu hakuna kilichoandikwa kuhusu nani anashika, unaanza kupitia majina kichwani, na unajikuta humpigii aliye na zamu chache, unampigia yule asiyejua kusema hapana. Kwenye faili bado jina ni la yule mwenye homa. Yule mpole kafanya usiku ambao haupo popote, na mwisho wa mwaka ukihesabu kila mtu yuko sawa! Nilifanya hivyo kwa mtu huyohuyo mara tatu ndani ya bloku moja kabla sijashtuka, na aliyenishtua alikuwa nesi wa wodi aliyeniuliza kama huyo dada kahamia kuishi pale.

Kwa hiyo swali la igande au iwe laini nadhani limekaa vibaya toka mwanzo. Bloku zigande, yaani mtu ajue mwaka mzima yuko wapi lini, maana hapo ndo maisha na mitihani inapangwa. Zamu ndani ya bloku ziwe na nafasi ya kubadilishana, ila kwa sheria iliyoandikwa palepale chini ya rota: nani wa akiba wiki hii kwa jina, akiitwa analipwa vipi ile siku, kubadilishana kunafungwa saa ngapi kabla, na nani ana faili moja tu la kweli. Wanaopinga akiba wanasema ni kupoteza mtu, unamweka pembeni wakati wodi inalia, na hawakosei, kuna wiki akiba hajaitwa hata mara moja na wenzake wanamwangalia vibaya. Bado naona ni bei nafuu kuliko mchezo wa simu.

Halafu kuna huu ubishi wa zamu ndefu na zamu fupi, huu ni mtamu zaidi maana kila upande una utafiti wake mfukoni. Wa zamu fupi watakutajia utafiti wa 2004 wa kule ICU ambako madaktari wa mwaka wa kwanza waliokuwa kwenye ratiba ya zamani ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya wale waliopunguziwa. Mwaka 2011 Marekani wakasema basi, mwaka wa kwanza mwisho saa 16 mfululizo. Wa zamu ndefu nao wakaja na yao, majaribio mawili makubwa, moja la programu 117 za upasuaji na jingine la programu 63 za magonjwa ya ndani, wakalinganisha ratiba za masharti makali na ratiba zilizolegezwa, vifo vya wagonjwa havikutofautiana. Mwaka 2017 ile saa 16 ikaondolewa, ikarudi 24 pamoja na hadi 4 za ziada za kumalizia na kukabidhi.

Sasa hapa ndo penye utamu. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine, ICU sita za watoto, zamu zikafupishwa hadi saa 16, na makosa yakaongezeka. Watu wa zamu ndefu wakashangilia. Ila ukisoma vizuri unakuta kwenye ratiba fupi kila rezidenti alikuwa anahudumia wastani wa wagonjwa 8.8, kwenye ratiba ndefu 6.7, na walipoweka idadi ya wagonjwa kwenye hesabu ule ubaya wa zamu fupi ukayeyuka. Yaani walipunguza saa bila kuongeza watu, kazi ikabaki ileile ikagawanywa kwa mikono michache. Kwangu huu ni ushahidi mzito kuliko yote kuhusu rota, kwa sababu unaonyesha kisanduku chenye rangi nyekundu kinachosema ICU kinaficha kitu, wagonjwa wangapi? Rota isiyoandika mzigo ni nusu rota. Unaweza kuweka tarakimu ndogo tu kwenye kona ya kisanduku, huyu mwisho wagonjwa 7, akizidi fulani anaitwa. Wapo watakaosema wagonjwa hawasomi rota, wanakuja tu, na ni kweli wanakuja tu, ndo maana ile tarakimu iwe na jina la wa kuitwa pembeni yake.

Halafu handova, yaani kukabidhiana wagonjwa zamu zinapopishana. Kiti kimoja cha wodi, yaani nafasi ya daktari mmoja, kikikaliwa kwa zamu za saa 24 unakabidhi mara 7 kwa wiki, zamu za saa 12 mara 14, zamu za saa 8 mara 21. Kila kukabidhi ni nafasi ya kitu kudondoka. Pata picha ya saa moja asubuhi, anayeondoka kashavaa begi, anayeingia bado anatafuta kalamu, anaambiwa kitanda cha nne fuatilia damu, hajaambiwa damu ipi wala akikuta iko chini afanye nini. Anayetetea zamu ndefu hapa ana haki yake, mgonjwa anamjua daktari mmoja tangu kulazwa hadi hali itulie. Ila nalo lina dawa, mwaka 2014 hospitali tisa za watoto zilifundisha watu kukabidhi kwa mpangilio mmoja unaoitwa I-PASS na makosa yakashuka kwa asilimia 23. Kinachonishangaza ni rota ngapi zinapanga zamu moja iishe saa moja kamili na nyingine ianze saa moja kamili, sasa handova inafanyika dakika ipi? Wekeni nusu saa ya kupishana, iwe ndani ya saa za kazi, ihesabiwe.

Kuhusu urefu wa bloku sitakaa sana. Wiki mbili ni fupi mno, mtu anajua choo kiko wapi na dawa zinafungiwa kabati gani, anaondoka. Mpango wa nne kwa moja, wiki nne wodini na wiki moja ya kliniki tupu, naupenda kwa sababu moja tu, unamwokoa yule wa kuchomoka katikati ya raundi kukimbilia kliniki huku simu ya wodi inamfuata, ingawa ni kweli mgonjwa wa kliniki naye anaweza kusubiri wiki nne kumwona daktari wake. Cha kuepuka zaidi ni ile siku ambayo wote wanahama kwa pamoja, wodi nzima inaamka na sura ngeni, na anayejua mgonjwa wa kona ni nesi peke yake. Mkubwa ahame wiki moja, mdogo ahame wiki inayofuata, haigharimu kitu, inachosha tu kupanga.

Nabakia na tatizo moja ambalo sina ujanja nalo. Wiki ina saa 168. Kiti kimoja kinachokaliwa mchana na usiku, kwa kikomo cha saa 80, kinahitaji watu 2.1, kwa kikomo cha 48 kinahitaji 3.5, na hapo hujatoa likizo, hujatoa vipindi vya darasani, hujatoa anayeumwa, wala hujaweka zile nusu saa zangu za handova. Idara yenye marezidenti wanne na viti viwili vya usiku na mchana, kwa kikomo cha 48, inahitaji watu saba. Hapo hakuna rangi itakayosaidia. Aliyepanga ataandika majina manne mahali pa saba na kila mtu atajifanya hajaona, au ataacha visanduku visivyo na mtu vikae wazi. Wanaosema ajaze wana hoja, mgonjwa wa saa nane usiku hawezi kutibiwa na kisanduku kitupu na lazima mtu awepo. Mimi ningeviacha vitupu kwenye karatasi, vyekundu, nikaipeleka hivohivo mezani kwa mkuu wa idara nimwambie hizi nafasi jaza wewe, kwa jina.