Ganda la chungwa na kolestro, msilicheke haraka

Pale stendi ya Kange muuza machungwa anazungusha chungwa la Muheza kwenye kisu, ganda la kijani linashuka refu bila kukatika, chungwa linabaki jeupe, ganda linaishia kwenye ndoo. Sasa hilo ganda ndo limeleta ubishi huku Tanga, wengine wanalianika na kulisaga wanasema linashusha kolestro, wengine wanasema ni uzushi mtupu.

Mi naona wanaolitetea wanadharauliwa bure. Ganda la nje lina flavonoidi, yaani kemikali za asili za mimea, zinaitwa nobiletini na tanjeretini, na mwaka 2004 ulitoka utafiti wa hamsta, vinyama jamii ya panya, waliopandishwa kolestro kwa chakula, wale waliochanganyiwa hizi flavonoidi asilimia 1 ya chakula, kolestro mbaya ilishuka asilimia 32 mpaka 40. Arobaini jamani! Na msiseme taka haiwezi kuwa dawa, statini, vidonge vya kushusha kolestro mnavyomeza, zilianzia kwenye ukungu, Mjapani Akira Endo ndo aliigundua ya kwanza miaka ya 1970.

Wanaopinga wanaleta utafiti wa 2010, watu karibu 200 wenye kolestro iliyopanda kiasi walipewa vidonge vya hesperidini au naringini wiki 4, kolestro haikutikisika. Ni kweli kabisa. Lakini hesperidini imejaa kwenye ile nyama nyeupe tunayoitema, naringini ni ya balungi, nobiletini na tanjeretini hazikuwemo humo, sasa mbona zinahukumiwa nazo?

Kinachonisumbua ni ile asilimia 1. Mtu anayekula nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku angehitaji gramu 5 za flavonoidi iliyochujwa, sio gramu 5 za ganda, na ganda limebeba kidogo mno, halafu hizi zinayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji ni shida, kwa hiyo kikombe cha maganda ya kuchemsha hakifiki hata karibu. Na dawa ya wadudu inayopuliziwa shambani inakaa hapo hapo kwenye ganda. Kwa hiyo uliyeandikiwa vidonge usiviache, tafadhali.

Ila kuchekwa tu haitoshi, lipimwe kwa watu. Muheza yenyewe NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo chao cha Amani, machungwa yanalundikwa pale barabarani kila msimu, na wenye kolestro tunao majumbani.