Anzeni na dirisha la dawa

Mzee aliyenijia dirishani mwezi uliopita alikuwa amefunga daftari lake la matibabu kwenye kavera, mfuko wa plastiki, lisilowe mvua. Daktari alikuwa amemwandikia metformini ya kisukari, gramu moja asubuhi na moja jioni. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna dawa nyingine unazomeza nyumbani?"

Akageuka kutazama foleni, kisha akainama. "Zipo, mwanangu. Lakini daftari la zile huwa naliacha nyumbani."

Nikamwomba aingie ndani.

Alikuwa akitumia dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo Uganda ilianza kuieneza mwaka 2018. Dawa hii hupandisha kiwango cha metformini mwilini, kwa hiyo anayemeza zote mbili kwa kawaida hapaswi kupita miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Mzee alikuwa ameandikiwa 2,000. Daktari hakuzembea, maana daftari aliloletewa halikuwa na habari hiyo. Ilikuwa kwenye kompyuta ya kliniki ya VVU, ndani ya ua huohuo, hatua chache kutoka dirisha langu.

Natoa dawa huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na jambo hili linaniuma. Kila hospitali ikitaka kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwenye makaratasi, kompyuta huanzia mapokezi, zikaenda kwa daktari, famasi ikaambiwa ingoje awamu ijayo. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, daktari aliandika dawa kwenye kompyuta, halafu muuguzi akazinakili kwenye daftari ili mgonjwa atuletee sisi. Kazi moja ikafanywa mara mbili na foleni ikafika getini. Haikuchukua muda, kila mtu akarudia kalamu yake.

Mimi nasema waanze na famasi. Alichoandika daktari na alichoondoka nacho mgonjwa ni vitu viwili. Amoksilini ikiwa imebaki kidogo, nampa mama dozi ya mtoto wake ya siku mbili na kumwambia nyingine akanunue nje. Pengine ananunua, pengine hela hiyo inaishia kwenye boda ya kumrudisha nyumbani. Kumbukumbu ikikomea kwa daktari, itasema mtoto alipata dozi kamili. Akirudi bado anakohoa, daktari ataamini dawa imeshindwa na kumpandisha kwenye dawa kali zaidi, kumbe ile ya kwanza hakuimaliza. Anayejua ukweli huo ni aliyekaa dirishani.

Halafu kuna stoo. NMS, bohari ya taifa ya dawa, hutuletea dawa kila baada ya miezi miwili, nasi tunaagiza kwa kujumlisha kurasa za madaftari usiku, macho yakiwa yamechoka. Kila dawa inayotoka dirishani ikiingizwa palepale, hesabu ya kuagizia itakuwa tayari. Lakini kwanza tufunge mlango tuhesabu rafu kwa mikono. Kadi ya stoo ikisema makopo 40 na rafuni yako 31, tukiingiza 40 tumeuharibu mfumo siku ya kwanza, na hakuna mhudumu atakayeuamini tena.

Umeme hukatika, hilo tunalijua, na betri ya akiba ipangiwe bajeti tangu mwanzo. Linalonisumbua zaidi ni siri. Sheria ya kulinda taarifa za watu tunayo tangu 2019, lakini sheria haigeuzi skrini iliyoelekea foleni. Mzee yule aliacha daftari nyumbani kwa sababu anawajua majirani zake wanaopanga mstari naye. Kompyuta ya famasi iwekwe mahali ambapo mtoa dawa peke yake anaisoma, na pawe na chumba kidogo cha kuzungumzia, hata cha pazia.

Nilimpigia daktari simu, dozi ikapunguzwa. Mabadiliko hayo niliyaandika kwenye daftari lile alilokuja nalo. Kliniki ya VVU bado haijui kwamba anameza metformini.